Gari Halinywi Maji

Ndugu madereva, wenye magari, mafundi wenzangu, na ninyi vijana mnaojifunza kazi, habari za asubuhi. Nimepewa mada ya injini kuchemsha, na nimeonywa nisile muda wa watu. Kwa hiyo naanza na swali. Nani kati yenu ana dumu la maji kwenye buti ya gari lake? Nyoosheni mikono, hapa hakuna trafiki. Naam. Nilitegemea mikono mitatu minne, naona nusu ya ukumbi.

Ninyi mlionyoosha mikono nawajua, maana nimewahudumia wengi wa aina yenu. Mkiulizwa dumu ni la nini, jibu ni moja: "Fundi, gari langu linakunywa maji kidogo." Mtu analitamka kwa upole, kama anayeeleza tabia ya mtoto wake wa mwisho. Lita moja asubuhi, lita moja jioni, maisha yanaendelea. Sasa mimi nimekuja na neno moja tu leo: gari halinywi maji. Linakunywa mafuta, hilo halina ubishi. Injini iliyochoka inakunywa na oili. Lakini maji yamo ndani ya njia iliyofungwa. Yanazunguka kwenye injini, yanabeba joto, yanaliacha kwenye rejeta, yanarudi. Yakipungua, yametoka, na kama yametoka, kuna mahali yametokea. Anayeongeza maji bila kuuliza yale ya jana yameenda wapi hajatengeneza kitu.

Lipo gari lililokuwa likinywa maji kweli, nalitaja ili haki itendeke. Gari la Karl Benz, lile alilolikatia hataza mwaka 1886, halikuwa na rejeta tunayoijua sisi. Maji yaliizunguka silinda, yakachemka, mvuke ukapotea hewani na joto likaondoka nao. Ndiyo maana mkewe, Bertha Benz, alipolichukua mwaka 1888 akaenda nalo kutoka Mannheim hadi Pforzheim, mwendo wa zaidi ya kilomita 100, alilazimika kusimama kila mara kutafuta maji njiani. Mama yule alikuwa na haki ya kubeba dumu. Lakini mwaka 1900 Wilhelm Maybach alikuwa tayari anatengeneza rejeta ya mirija midogo zaidi ya 8,000, imepangwa kama sega la nyuki, upepo unapita ndani ya mirija na maji yanapita katikati yake. Tangu wakati ule kiu ya gari ilikwisha. Wewe wa leo unayejaza maji kila asubuhi umerudi enzi za Benz bila kujua.

Kabla sijaendelea: pale nje nimeegesha gari ambalo halijawashwa tangu jana. Injini yake ni baridi kabisa. Nitalihitaji baadaye.

Tuliangalie joto lenyewe. Kwa makadirio, katika kila lita tatu za mafuta unazochoma, moja hivi ndiyo inayosukuma gari. Ya pili inatoka kwenye ekzosi kama moshi wa moto. Ya tatu inaishia kwenye maji. Kwa hiyo joto ambalo rejeta inatakiwa kulitupa hewani halipishani sana na nguvu inayokupandisha mlima. Ndani ya silinda moto unavuka nyuzi 2,000, na aluminiamu, ambayo ndiyo silinda hedi, yaani kichwa cha injini kinachofunika silinda, ya magari mengi ya leo, inayeyuka kwenye nyuzi 660. Kinachoizuia isiyeyuke ni maji yanayopita milimita chache nyuma ya ukuta ule. Yakikosekana kwa dakika chache tu, umekwisha.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote katika mfumo huu ni ndogo, na hudharauliwa kuliko zote: mfuniko wa rejeta. Watu hudhani kazi yake ni kuzuia maji yasimwagike, kama mfuniko wa sufuria. Ugeuze siku moja uutazame kwa chini, utakuta springi na raba. Springi ile inashikilia presha. Maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 100 ukiwa usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda nyanda za juu huchemka mapema zaidi, takriban nyuzi moja kwa kila mita 300. Ukiyafungia chini ya presha ya bar 1 hivi, kiwango cha mifuniko mingi, hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120, na yakichanganywa nusu kwa nusu na kulanti, ile dawa ya rangi inayotiwa kwenye rejeta, yanakaribia 130. Injini nyingi zinafanya kazi kati ya nyuzi 85 na 105. Pengo lililobaki hapo ndiyo pumzi yako ya ziada unapopanda mlima na mzigo. Springi ikilegea au raba ikipasuka, pumzi ile haipo. Maji yanachemka mapema, yanasukumwa kwenye chupa ya akiba, chupa inafurika barabarani, na ukifika nyumbani unapiga magoti chini ya gari huoni tone.

Kuna na kiraba kidogo cha katikati. Hicho kinafanya kazi injini inapopoa: maji yanasinyaa, kiraba kinafunguka, na maji yaliyoko kwenye chupa yanavutwa kurudi. Kikikwama, asubuhi unakuta mpira wa rejeta umebonyea, umejinyonya wenyewe, na chupa ya akiba imejaa pomoni. Watu huiona chupa imejaa wakafurahi. Fungua rejeta yenyewe, injini ikiwa baridi, ndipo ujue.

Nitawaambia kwa nini nausema sana mfuniko. Miaka ya nyuma nilibadilisha rejeta ya gari la mtu, nikabadilisha thamostati, ule mlango mdogo unaoruhusu maji kwenda rejeta, nikabadilisha wota pampu inayoyazungusha, na gari likaendelea kuchemsha. Mwenye gari alikuwa mstaarabu. Alivumilia mpaka wiki ya tatu ndipo akaniuliza kwa sauti ya chini, "Fundi, una hakika?" Sikuwa na hakika. Mfuniko wa zamani nilikuwa nimeutoa kwenye rejeta mbovu nikaivisha rejeta mpya, kwa mikono yangu mwenyewe. Kile kitu cha bei ndogo kuliko vyote nilivyonunua ndicho sikukinunua. Tangu siku hiyo naanza na mfuniko.

Swali la "wapi" lina pacha wake, nalo ni "lini". Ukija gereji ukasema tu gari linachemsha, fundi anaanza kubahatisha, na ubahatishaji ule unaulipia wewe. Ukija ukasema linachemsha lini, umeshamfanyia nusu ya kazi.

Linachemsha kwenye foleni, lakini likipata mwendo geji inashuka? Karibu kila mara hiyo ni feni. Ukiwa kwenye mwendo, upepo wa barabarani unaipoza rejeta bila msaada. Ukisimama, feni ndiyo upepo wako wote. Washa injini, washa kiyoyozi: kwenye magari mengi ya feni ya umeme, feni inapaswa kuzunguka papo hapo au baada ya sekunde chache. Isipozunguka, anza na fyuzi, relei na plagi ya waya kabla hujalaumu mota. Gonga mota taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikishtuka ikazunguka, brashi zake zimeisha, na kesho haitashtuka. Kama feni yako inaendeshwa na injini kupitia klachi yenye mafuta ya silikoni, zima injini ikiwa ya moto kisha isukume feni kwa mkono. Inatakiwa ikatae kidogo. Ikizunguka yenyewe kama pangaboi, klachi imekufa.

Kuna kosa moja nimelikuta zaidi ya mara moja, na kila mara linanichekesha na kunisikitisha. Feni inazunguka vizuri, kwa nguvu, na gari linachemsha. Shika kipande cha karatasi mbele ya rejeta. Kinatakiwa kinyonywe king'ang'anie pale. Kikipeperuka kukufuata usoni, kuna mtu aligeuza waya wakati wa matengenezo, na feni inapuliza kwenda mbele. Ukiwa mwendoni inagombana na upepo. Na wale mliowahi kuvunja kava la plastiki linaloizunguka feni mkaona si kitu: kava lile ndilo linaloilazimisha feni ivute hewa kupitia rejeta nzima. Bila kava inavuta hewa ya pembeni, iliyo rahisi.

Sasa geuza. Gari halina shida mjini, ila likishika barabara kuu au kilima kirefu, geji inapanda. Hapo feni haina hatia. Tatizo ni mtiririko: maji hayapiti ya kutosha, au upepo haupiti wa kutosha. Rejeta inaweza kuwa imeziba ndani kwa kutu na chokaa ya maji ya kisima, au imeziba nje kwa wadudu, nyasi na matope yaliyojibana kati yake na kondensa ya kiyoyozi, mahali ambapo ukitazama kwa mbele huoni kitu. Injini ikiwa ya moto, fundi mwenye kipimajoto cha miali ataipima rejeta uso mzima. Mahali penye ubaridi wa ghafla katikati ya moto ni mirija iliyokufa.

Kisha kuna mpira wa chini wa rejeta, ule ambao wota pampu inanyonyea. Mpira ukizeeka ukalegea, mzunguko wa injini ukiwa mkubwa unabanwa na mnyonyo na njia inajifunga. Ukisimamisha gari ukafungua boneti, injini imeshuka, mpira umejaa tena, kila kitu safi. Unafunga boneti, unaendelea, linachemsha tena, unaanza kusema gari lina mashetani. Mwombe mtu akanyage mafuta gari likiwa limesimama, wewe uutazame mpira ule, mikono mbali na feni na mikanda. Na wota pampu yenyewe inaweza kuwa haivuji tone lakini mapanga yake ya ndani yameliwa na kutu, au kama ni ya plastiki, yamepasuka na kuteleza kwenye shafti. Inazunguka bila kusukuma.

Kijana, wewe wa shati la bluu. Chukua ufunguo huu, kaliwashe lile gari pale nje. Gia iwe huru, hendibreki juu, usikanyage mafuta, liache lingurume tu. Funika boneti wazi, namaanisha iache wazi, nimechanganyikiwa na umri. Asante.

Namna ya tatu ya kuchemsha ni ile ya haraka: dakika tano, kumi tangu uwashe, geji iko juu. Gusa mpira wa juu wa rejeta kwa tahadhari. Injini inatokota na mpira ule bado una ubaridi? Thamostati imekwama ikiwa imefungwa, au kuna hewa imenaswa ndani baada ya mtu kujaza maji kwa haraka bila kuitoa hewa.

Thamostati nataka niikalie kidogo, kwa sababu imeonewa. Ni mlango mdogo wenye nta ndani. Nta ikipata joto inavimba, inausukuma mlango, maji yanaenda rejeta. Ikipoa inasinyaa, springi inaufunga. Nyuzi inazoanza kufunguka zimechongwa kwenye chuma chake: 82, 88, wakati mwingine zaidi. Fundi akiletewa gari linalochemsha, dawa ya kwanza mara nyingi ni kuichomoa na kuitupa. "Hii ni ya nchi za baridi," anakwambia, na wewe unashukuru. Mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo, na nimezitupa nyingi.

Haya ndiyo unayoyapata baada ya hapo. Injini haifiki kwenye joto lake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na inaendelea kuongeza mafuta. Oili haipati moto wa kukausha unyevu na petroli iliyoingia ndani yake, kwa hiyo inalainisha vibaya na silinda zinalika. Na kuna injini ambazo thamostati ina sahani ya pili kwa chini, kazi yake kufunga njia ya mkato pindi njia ya rejeta inapofunguka. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima. Maji yanapenda njia fupi kama watu, yanarudi kwenye pampu bila kuiona rejeta. Umetoa thamostati ili gari lisichemshe, nalo likipata mzigo linachemsha zaidi. Kama unaishuku, ifungue, ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto, bandika jikoni. Isipofunguka karibu na nyuzi zilizochongwa, nunua nyingine yenye namba ileile. Wakati wa kuifunga, ile pini ndogo inayocheza ielekee juu, ndiyo mlango wa hewa kutokea.

Turudi kwenye "wapi", maana pale ndipo watu wanapopoteza injini.

Uvujaji wa nje ni rahisi kuuona, tatizo ni kwamba matone yanakaukia kwenye chuma cha moto kabla hayajafika chini. Kwa hiyo usitafute maji, tafuta alama: ukoko mweupe, wa kijani au wa waridi kwenye maungio ya mipira, pembeni mwa rejeta pale plastiki inapokutana na aluminiamu, na chini ya wota pampu, ambako kuna kitundu kilichowekwa makusudi kidondoshe maji pindi sili inapochoka. Usikizibe kile kitundu! Nimeona mtu amekiziba kwa gundi ya chuma akaona ameiweza. Fundi mwenye pampu ya kupimia presha ataifunga kwenye mdomo wa rejeta, ataipandisha mpaka kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko, ataiacha robo saa. Sindano ikishuka, kuna mahali. Ukiona zulia la miguuni upande wa abiria lina unyevu, kioo cha mbele kinajaa ukungu wa mafuta mafuta kwa ndani, na harufu ni tamutamu, hiyo ni rejeta ndogo ya hita, iliyojificha nyuma ya dashibodi.

Umepima nje kote, hakuna kitu, na maji bado yanapungua. Basi yanaingia ndani. Hapo tunazungumzia gasketi ya silinda hedi, na sitaki mtu acheke.

Gasketi ile inatenganisha vitu vitatu visivyotakiwa kukutana: moto wa silinda, maji na oili. Ikikatika, dalili zinategemea nani amekutana na nani. Moto ukiingia kwenye maji, mipira ya rejeta inakuwa migumu kama jiwe dakika chache tu baada ya kuwasha, kabla hata injini haijapata joto, na ukiwa umeacha mfuniko wazi tangu baridi utaona povu linapanda bila kukoma. Maji yakiingia kwenye silinda, utaona moshi mweupe mzito wenye harufu tamu hata injini ikiwa imepata moto. Na ukitoa plagi za kuwashia moto, moja itakuwa safi kuliko wenzake, imeoshwa na mvuke. Maji yakikutana na oili, fimbo ya kupimia oili inatoka na kitu cha rangi ya maziwa. Ila hapa msihukumu haraka: uji mwepesi mweupe chini ya mfuniko wa oili peke yake, kwenye gari la safari fupi fupi za asubuhi ya baridi, unaweza kuwa jasho tu la injini. Tazama fimbo.

Ukitaka kukata shauri, kuna kipimo cha kemikali. Kimiminika cha bluu kwenye kichupa kinawekwa juu ya mdomo wa rejeta, injini inawashwa, hewa ya juu ya maji inavutwa ipite ndani yake. Kikigeuka njano, kuna hewa ya ukaa, na hewa ya ukaa haina njia ya kufika mle isipokuwa kutoka kwenye silinda. Ni kipimo cha dakika chache, na kimewaokoa wateja wangu wengi kufunguliwa injini bure.

Hedi ikishafunguliwa, dai ipimwe kwa rula nyoofu na vipimo vya nafasi. Hedi nyingi haziruhusiwi kupinda zaidi ya sehemu moja ya kumi ya milimita, nyingine nusu ya hapo, yaani kama unene wa unywele. Fundi anayefunga gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda anakupa miezi miwili. Methali ya ufa na ukuta mnaijua, sina haja ya kuirudia. Kwenye injini ufa wenyewe ndio huwa hauzibiki.

Nisisahau geji, kwa sababu inadanganya. Magari mengi ya sasa yametengenezwa sindano isimame katikati kwa nyuzi nyingi tofauti, ili dereva asihangaike kila ikicheza kidogo. Maana yake ikianza kutoka katikati, umeshachelewa kiasi. Hatari zaidi ni hii: sensa inapima maji. Maji yakiisha kabisa, sensa inabaki hewani, na sindano inaweza kushuka ghafla kwenye baridi huku injini inaungua. Dereva anavuta pumzi, "Alhamdulillahi, imepoa," na anakanyaga. Sindano ikipanda kisha ikaanguka yenyewe kwa ghafla, simama pale pale. Vilevile hita ikipuliza baridi wakati geji iko juu, maji hayazunguki au hayapo.

Likikuchemkia barabarani, fanya hivi. Zima kiyoyozi. Washa hita mpaka mwisho na feni yake mpaka mwisho. Utatokwa jasho, lakini ile ni rejeta ya pili na itakupa dakika za kufika mahali salama. Egesha, zima injini. Kisha kaa. Nusu saa hiyo ni ndefu, najua, lakini usiuguse mfuniko. Maji mle yana nyuzi 110 na bado hayajachemka kwa sababu tu yamefungwa. Ukiufungua, presha inaondoka na maji yanachemka kwa mpigo mmoja, yanaruka pamoja na mvuke kuelekea usoni mwako. Mpira wa juu ukishabonyea kwa vidole bila moto, weka kitambaa kinene, zungusha mfuniko mpaka kituo cha kwanza, subiri kizomee mpaka kinyamaze, ndipo uumalizie. Usimwage maji ya baridi juu ya injini, wala usiyatie kwa pupa ndani ya injini iliyokauka: chuma cha moto kikipata baridi ghafla kinapasuka. Tia kidogo kidogo, injini ikishapoa. Hapo dumu lako lina kazi halali, nalikubali. Kazi yake ni kukufikisha kwa fundi.

Kuhusu kinga nina maneno machache, kwa sababu kazi yenyewe ni ndogo. Tia kulanti, si maji ya bomba. Wengi wanadhani kulanti ni ya kuzuia barafu, wanaona haiwahusu. Ndani yake kuna viuakutu vinavyoilinda aluminiamu, na kwenye mchanganyiko wa nusu kwa nusu inapandisha nyuzi za kuchemkia hata bila presha. Lakini usiitie tupu: maji ndiyo yanayobeba joto vizuri, kulanti peke yake inabeba joto pungufu. Changanya na maji yaliyotoneshwa, yasiyo na chokaa. Rangi isikudanganye, kila kiwanda kinapaka rangi yake. Soma kitabu cha gari kinataka aina gani, maana aina zisizopatana zikichanganywa zinaweza kuganda kama ute na kuziba mirija. Ibadilishe kwa muda ulioandikwa, aina za zamani kila miaka miwili, nyingine hufika mitano. Na ifungie mbali na watoto na wanyama. Ina ladha tamu na ni sumu inayoua figo.

Dawa za kuziba rejeta, za unga na za maji, na yule anayevunja yai ndani ya rejeta: zinaziba, sikatai. Zinaziba tundu, na zinaziba pia mirija ya hita na ya rejeta iliyokuwa mizima. Porini usiku sitakulaumu. Ukifika, zisafishe zote zitoke.

Kijana wa shati la bluu, lina dakika ngapi sasa lile gari? Kama dakika kumi na mbili. Vizuri. Sasa twendeni wote nje, maswali mtaniulizia huko. Asikaribie mtu feni, wenye mitandio na tai wazifunge. Tunataka kujua kama thamostati imefunguka. Atakayetangulia aweke kiganja karibu na mpira wa juu, kisha wa chini, na asiniambie kitu kingine chochote ila hiki: wa chini bado ni wa baridi, au umeanza kupata moto?